Kusoma saa iliyo mbali: ondoa kwanza safari ya nuru, ndipo uhesabu uhusianifu

Nuru husafiri mita 299,792,458 kila sekunde. Hakuna makadirio katika tarakimu hiyo, kwa sababu tangu mwaka 1983 urefu wa mita wenyewe hupimwa kwa kasi ya nuru. Kasi hii ni kubwa mno, lakini ina kikomo, na kwa hiyo hakuna saa ya mbali unayoiona ilivyo sasa hivi. Saa ya ukutani iliyo mita 3 kutoka ulipoketi unaiona ilivyokuwa nanosekunde 10 zilizopita (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde). Jua unaliona lilivyokuwa dakika 8 na sekunde 20 zilizopita.

Wengi wanaojifunza fizikia huishia hapo. Hudhani kwamba nadharia ya uhusianifu ya Einstein (kwa Kiingereza, relativity) inasema tu kuwa saa inayokwenda mbio huonekana imechelewa kwa sababu nuru yake imechelewa kufika. Dhana hiyo inaharibu masomo ya watu wengi wenye akili nzuri, nami naiona kuwa kikwazo kikubwa kuliko hesabu zenyewe. Wataalamu wa nyota walijua kuchelewa kwa nuru tangu karne ya 17, zaidi ya miaka 200 kabla ya Einstein. Uhusianifu ni kile kinachobaki ukishauondoa ucheleweshaji huo wote, hadi tone la mwisho.

Hapa tutaonyesha namna ya kuuondoa. Unahitaji kalamu, karatasi na hesabu za sekondari: kuzidisha, kugawanya na kipeuo cha pili.

Hatua ya 1: Chora safu mbili

Gawa karatasi yako kwa mstari wa wima. Upande wa kushoto andika "muda wa tukio", upande wa kulia andika "muda wa kupokea". Kila jambo linalotokea mbali liandikwe mara mbili: lini lilitokea kule, na lini habari yake ilifika hapa. Usikubali swali lolote la uhusianifu kabla hujajua linauliza habari ya safu ipi. Nusu ya vitendawili vinavyowasumbua watu hufumbuka hapa.

Wanaoendesha vyombo vya angani hufanya kazi hivi kila siku. Gari la utafiti la Curiosity lilitua kwenye sayari ya Mirihi tarehe 6 Agosti 2012. Kwa saa za Afrika Mashariki, magurudumu yaligusa ardhi karibu saa 2 na dakika 18 asubuhi. Ishara ya redio, ambayo husafiri kwa kasi ileile ya nuru, ilifika Duniani karibu saa 2 na dakika 32. Mirihi siku hiyo ilikuwa mbali kiasi cha nuru kutumia karibu dakika 14. Sasa angalia: kushuka kutoka juu ya angahewa hadi ardhini kulichukua dakika 7 tu. Wahandisi walipopokea habari kwamba chombo kimeanza kuingia kwenye angahewa, kwa safu ya kushoto kilikuwa kimeshatua, kizima au kimevunjika, kwa dakika 7 nzima. Hawakuwa na namna ya kukisaidia. Ndiyo maana chombo kilibidi kijishushe chenyewe kwa programu iliyopakiwa mapema.

Katika mfano huo hakuna uhusianifu. Ni umbali uliogawanywa kwa kasi ya nuru, basi.

Hatua ya 2: Oanisha saa kabla ya kuzisoma

Safu ya kushoto ina sharti. Ili useme "tukio la kule lilitokea saa 5 kamili", lazima kule kuwe na saa iliyooanishwa na ya hapa. Je, utazioanishaje saa mbili zilizo mbalimbali ikiwa habari yoyote kati yake huchelewa?

Mwanahisabati Henri Poincaré alilishughulikia swali hili nchini Ufaransa, kisha mwaka 1905 Albert Einstein, akiwa mtumishi wa ofisi ya hataza mjini Bern, aliliweka kuwa msingi wa nadharia nzima. Njia ni hii. Tuchukue watu wawili waliotulia, Asha katika Kituo A na Bakari katika Kituo B. Asha anatuma mmweko wa nuru saa yake ikisoma dakika 0. Mmweko unagonga kioo kwa Bakari na kurudi kwa Asha saa yake ikisoma dakika 6. Nuru imetumia muda sawa kwenda na kurudi, kwa hiyo ilimfikia Bakari katika dakika ya 3. Bakari anaambiwa: pale mmweko ulipogonga kioo, saa yako inapaswa kuwa ilisoma 3. Kama ilisoma 3.2, irudishe nyuma kwa 0.2. Kwisha kazi.

Simu au kompyuta yako hufanya karibu hivyohivyo inapojirekebisha saa kupitia intaneti. Hutuma ombi kwa seva ya muda, seva hurudisha jibu lenye muda wa kupokea na wa kutuma, na kifaa hukadiria kwamba safari ya kwenda na ya kurudi zimechukua muda sawa. Pakiti zikipita njia ndefu kwenda na njia fupi kurudi, saa yako inakosea kwa nusu ya tofauti hiyo, na wewe hutajua. Kwa nuru angani, huo usawa wa kwenda na kurudi ni makubaliano yaliyomo katika maana yenyewe ya kuoanisha. Einstein alilisema hilo waziwazi. Tukishayakubali, kila kitu kingine kinafuata.

Hatua ya 3: Soma saa iliyotulia

Hii ni nyepesi. Gawanya umbali kwa kasi ya nuru, kisha jumlisha jibu kwenye kile unachokiona.

Ili tusibebe sifuri nyingi, tutumie dakika ya nuru, yaani umbali ambao nuru huupita kwa dakika moja, karibu kilomita milioni 18. Asha na Bakari wametengana kwa dakika 3 za nuru. Ni kama kilomita milioni 54, karibu sawa na umbali wa Mirihi inapotusogelea mno. Saa zao zimeoanishwa. Asha akielekeza darubini kwa Bakari wakati saa yake mwenyewe inasoma 10, ataona saa ya Bakari inasoma 7. Bakari naye, saa yake ikisoma 10, ataona ya Asha inasoma 7. Kila mmoja anaiona saa ya mwenziwe ikiwa nyuma, na hakuna anayekosea wala saa iliyoharibika. Kila mmoja anajumlisha 3 na kupata 10.

Jambo la kushika hapa: saa zote mbili zinaonekana zikienda kwa mwendo sawa. Dakika moja ya Bakari inaonekana kwa Asha ni dakika moja. Umbali usipobadilika, ucheleweshaji husogeza usomaji nyuma kwa kiasi kilekile daima, wala hauigusi kasi ya mishale.

Hapa Duniani kiasi hicho ni kidogo lakini kinapimika. Kutoka Nairobi hadi Mombasa kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 440, hivyo nuru hutumia karibu milisekunde 1.5. Ndani ya kebo ya faiba nuru hupungua kasi hadi kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo ucheleweshaji unapita milisekunde 2.

Hatua ya 4: Saa inayosogea, kwanza iandike kama inavyoonekana

Sasa Chausiku anapita Kituo A kwa chombo chake, akielekea B kwa kasi ya 0.6 ya kasi ya nuru. Anapompita Asha, wote wawili wanaweka saa zao dakika 0. Bakari saa yake imeshaoanishwa na ya Asha.

Kwa saa za vituo, safari ya dakika 3 za nuru kwa kasi ya 0.6 inachukua 3 ÷ 0.6 = dakika 5. Chausiku anapompita Bakari, saa ya Bakari inasoma 5. Chukua kwa sasa kwamba saa ya Chausiku inasoma 4. Sababu inakuja hatua inayofuata. Kumbuka kwamba saa hizi mbili zinapishana ubavu kwa ubavu, hazina umbali kati yake, hivyo usomaji wake haubishaniwi na mtu yeyote popote.

Asha anaona nini? Nuru ya tukio hilo inaondoka B katika dakika ya 5 na kumfikia katika dakika ya 8. Kwenye darubini anaona saa ya Bakari ikisoma 5 na ya Chausiku ikisoma 4, ilhali yake inasoma 8. Kwa macho yake, basi, saa ya Chausiku imetembea dakika 4 ndani ya dakika 8. Imeonekana ikienda kwa nusu ya mwendo.

Nusu hiyo si uhusianifu mtupu. Sehemu kubwa ni safari ya nuru inayozidi kurefuka. Ndugu aliye safarini akituma barua kila Ijumaa, barua zitakufikia kwa kuachana zaidi ya wiki, kwa kuwa kila moja inaanza safari kutoka mbali kuliko iliyoitangulia. Akianza kurudi, zitafuatana upesi. Yeye hakubadili ratiba yake.

Ole Rømer, Mdenmarki aliyefanya kazi katika paoneaanga la Paris, aliliona jambo hili angani mwaka 1676. Saa yake ilikuwa Io, mwezi wa Mshtarii, unaoizunguka sayari hiyo kwa masaa 42.5 na kuingia kivulini kila mzunguko. Dunia inapoikimbia Mshtarii, kupatwa kwa Io huchelewa, inapoisogelea, huwahi. Rømer alitabiri kwamba tukio la tarehe 9 Novemba mwaka huo lingechelewa kwa dakika 10, akasema nuru inahitaji kama dakika 22 kuvuka kipenyo cha njia ya Dunia kulizunguka Jua. Leo tunajua ni kama dakika 16 na sekunde 40.

Fanya hesabu hii mwenyewe. Dunia hukimbia kwa karibu kilomita 30 kwa sekunde. Masaa 42.5 ni sekunde 153,000. Kama Dunia inaondoka moja kwa moja, katika mzunguko mmoja wa Io inasogea karibu kilomita milioni 4.6, ambazo nuru inahitaji sekunde 15 zaidi kuzipita. Mizunguko kumi, dakika mbili na nusu. Na uhusianifu halisi kwa kasi hiyo? Chini ya milisekunde moja kwa kila mzunguko. Alichokiona Rømer chote kilikuwa safari ya nuru.

Hatua ya 5: Toa ucheleweshaji, tazama kilichobaki

Rudi kwa Asha. Safu ya kulia inasema 8. Tukio lilikuwa umbali wa dakika 3 za nuru, kwa hiyo safu ya kushoto ni 8 − 3 = 5. Saa ya Chausiku ilisoma 4. Dakika 5 dhidi ya 4.

Hiyo tofauti ya 5 kwa 4 haiwezi kuondolewa kwa hesabu yoyote ya umbali. Bakari alikuwa palepale, hakuhitaji darubini, naye aliona 5 kwake na 4 kwa Chausiku. Huu ndio uhusianifu: saa inayosogea hutembea polepole kwa kipimo cha saa zilizooanishwa zilizotulia. Kiwango chake hupatikana hivi: chukua kasi kama sehemu ya kasi ya nuru, ipandishe kipeo cha pili, itoe kwenye 1, tafuta kipeuo cha pili, kisha gawanya 1 kwa jibu hilo. Kwa 0.6: 1 − 0.36 = 0.64, kipeuo chake 0.8, na 1 ÷ 0.8 = 1.25. Dakika 5 gawanya kwa 1.25 ni 4.

Tahadhari moja, na imewaangusha wengi: umbali unaoutoa ni ule wa pale nuru ilipoondoka, si wa pale ulipoipokea. Asha anapopokea picha hii, huenda Chausiku ameshafika mbali zaidi. Umbali huo mpya haumo katika hesabu.

Hatua ya 6: Mrudishe msafiri

Chausiku anageuza chombo palepale B na kurudi kwa kasi ileile. Anafika kwa Asha saa ya Asha ikisoma 10 na yake ikisoma 8. Wanasimama bega kwa bega, na tofauti ya dakika 2 ipo mezani.

Kwa macho ya Asha safari hii ilikuwa na sura ya ajabu. Aliona Chausiku akigeuka katika dakika ya 8, kisha akamwona yuko mlangoni katika dakika ya 10. Safari nzima ya kurudi imeonekana ndani ya dakika 2, na katika dakika hizo saa ya Chausiku ilionekana ikiruka kutoka 4 hadi 8. Saa inayokuja ilionekana ikienda mara mbili ya mwendo wa kawaida! Mtu aliyefundishwa tu kwamba "saa inayosogea huonekana polepole" hapa anakwama kabisa. Ondoa ucheleweshaji: kugeuka kulitokea katika dakika ya 5, kufika katika ya 10. Dakika 5 dhidi ya 4, uwiano uleule wa kwenda.

Kuna la zaidi. Dakika 3 za nuru zimeonekana kukatwa kwa dakika 2. Kwa macho, chombo kimekuja kwa kasi ya mara 1.5 ya nuru. Hakuna sheria iliyovunjwa, kwa kuwa nuru ya mwanzo wa safari na nuru ya mwisho wake zimefika zikifuatana kwa karibu. Mwanafizikia wa nyota Martin Rees wa Uingereza alitabiri mwaka 1966 kwamba hali hii itaonekana angani, na imeonekana kweli: katika mkondo wa mata unaochomoka kutoka kitovu cha galaksi M87, picha za darubini ya Hubble zilionyesha mafundo yanayoonekana kwenda kwa kasi ya mara 4 hadi 6 ya nuru. Mkondo ule unaelekea karibu upande wetu kwa kasi inayokaribia ile ya nuru bila kuifikia. Anayeelewa hatua hii anaweza kuusoma mkondo huo bila kutishika.

Hatua ya 7: Kaa kwenye kiti cha msafiri

Hapa ndipo penye utamu wote, kwa hiyo usipaharakishe.

Chausiku anampita Bakari. Saa yake 4, ya Bakari 5. Anageuza darubini nyuma kumtazama Asha. Nuru inayomfikia sasa iliondoka kwa Asha katika dakika ya 2 ya Asha, kwa kuwa 2 + 3 = 5. Hivyo anaona saa ya Asha ikisoma 2 ilhali yake inasoma 4. Nusu ya mwendo, sawasawa na jinsi Asha anavyomwona yeye. Hakuna aliyependelewa.

Aondoe ucheleweshaji. Kwa hesabu ya Chausiku, yeye ametulia na Asha ndiye anayeondoka kwa kasi ya 0.6. Nuru iliyomfikia katika dakika yake ya 4 iliondoka kwa Asha katika dakika gani? Tuseme ni t. Wakati huo Asha alikuwa umbali wa 0.6 × t, na nuru ilihitaji muda huohuo kumfikia. Kwa hiyo t + 0.6t = 4, na t ni 2.5. Katika dakika ya 2.5 ya Chausiku, saa ya Asha ilisoma 2. Gawanya: 1.25. Naye anapata kwamba saa ya Asha ndiyo inayotembea polepole, kwa uwiano uleule.

Endelea. Ikiwa saa ya Asha hutembea kwa sehemu 0.8, basi Chausiku anapokuwa katika dakika yake ya 4, saa ya Asha "sasa hivi" inasoma 3.2. Lakini Bakari yuko ubavuni mwake na saa yake inasoma 5, na Bakari anaapa kwamba saa yake na ya Asha zimeoanishwa. Kwa Chausiku hazijaoanishwa. Ya Bakari iko mbele kwa dakika 1.8.

Dakika 1.8 hizo zinatoka wapi? Si ucheleweshaji wa nuru, tumeshauondoa wote. Ni umbali wa vituo mara kasi: 3 × 0.6 = 1.8. Hii ndiyo kanuni ya kuweka moyoni: saa mbili zilizooanishwa na watu waliotulia nazo, kwa anayezipita kwa kasi zinatofautiana kwa umbali kati ya saa hizo mara kasi, ukigawanya kwa kasi ya nuru kipeo cha pili (kwa vipimo vyetu kasi ya nuru ni 1, ndiyo maana haionekani). Ile iliyo nyuma katika mwelekeo ambao saa hizo zinaonekana kwenda ndiyo inayosomeka mbele. Kwa Chausiku vituo vinakwenda kinyumenyume, A kwanza, B nyuma yake. Kwa hiyo B imetangulia.

Sababu yake imo katika Hatua ya 2. Chausiku aliwatazama Asha na Bakari wakioanisha saa kwa mmweko na kioo. Kwake, kioo kilikuwa kinausogelea mmweko wakati wa kwenda, na Asha alikuwa anaukimbia wakati wa kurudi. Safari mbili hazikuwa sawa. Kugawanya kwa mbili, kwa hesabu yake, hakukuwa haki. Asha na Bakari nao wana haki kamili ya kugawanya kwa mbili, kwa kuwa kwao kioo hakikusogea.

Sasa Chausiku anageuza chombo. Kabla ya kugeuka, hesabu yake inasema saa ya Asha ni 3.2. Baada ya kugeuka, hesabu ya mtu anayerudi inasema ni 6.8. Imeruka dakika 3.6, mara mbili ya 1.8. Na kwenye darubini? Hakuna kilichoruka. Kabla ya kugeuka alikuwa anaona 2, baada ya kugeuka bado anaona 2, ila mishale imeanza kukimbia: katika dakika zake 4 za kurudi ataona saa ya Asha ikienda kutoka 2 hadi 10. Kilichobadilika ghafla ni namna yake ya kuoanisha saa za mbali. Nuru inayoingia machoni haijui lolote kuhusu uoanishaji wake.

Hatua ya 8: Pima kipi kinatawala

Kabla ya kuhesabu jambo lolote la kweli, kadiria ukubwa wa vitu viwili: safari ya nuru, na uhusianifu. Mara nyingi kimoja kinakizidi kingine mara milioni.

Tuchukue Nairobi na Mombasa tena. Safari ya nuru ni milisekunde 1.5. Dunia inazunguka, na karibu na Ikweta ardhi inakwenda mashariki kwa karibu mita 465 kwa sekunde. Mombasa iko kama kilomita 316 mashariki zaidi ya Nairobi. Tumia kanuni ya Hatua ya 7: mita 316,000 mara 465, gawanya kwa kasi ya nuru kipeo cha pili. Unapata karibu nanosekunde 1.6. Ni kidogo mara milioni moja hivi kuliko ucheleweshaji wenyewe.

Lakini fuata Ikweta yote, kupitia Kenya, Uganda, Kongo na kuvuka bahari hadi urudi ulipoanza, ukioanisha saa moja na inayofuata kwa njia ya Hatua ya 2. Umbali ni kilomita 40,075. Kanuni ileile inatoa nanosekunde 207. Saa ya mwisho haitakubaliana na ya kwanza ingawa ziko mahali pamoja! Kwenye Dunia inayozunguka, njia ya mmweko na kioo haifungi mduara. Wanaolinganisha saa za atomu kati ya mabara husahihisha tofauti hii, la sivyo kazi yao inaharibika.

Setilaiti za GPS zinakusanya yote mahali pamoja. Ziko kama kilomita 20,200 juu. Ishara ya setilaiti iliyo utosini hutumia karibu milisekunde 67. Iliyo karibu na upeo wa macho hukaribia 86. Simu yako husoma saa za setilaiti nne au zaidi, kila moja ikiwa na ucheleweshaji wake, na kutokana na tofauti hizo inatatua mambo manne: sehemu tatu za mahali ulipo, na kosa la saa yake yenyewe. Huo ucheleweshaji, ambao tumekuwa tukiuondoa kwa bidii, ndio kipimo chenyewe cha umbali. Uhusianifu unakaa pembeni, mdogo lakini mkaidi: kwa siku moja, kwa sababu ya uvutano kuwa hafifu kule juu, saa ya setilaiti huwahi kwa mikrosekunde 45 hivi, kwa sababu ya kasi, huchelewa kwa 7 hivi. Jumla ni kuwahi 38. Nuru hupita zaidi ya kilomita 11 kwa muda huo. Ndiyo maana saa hizo hurekebishwa kabla ya kurushwa, zitikisike kwa megahezi 10.22999999543 badala ya 10.23.

Zoezi

Vituo viwili vimetengana kwa dakika 4 za nuru. Chausiku anakwenda kwa 0.8 ya kasi ya nuru, anageuka, anarudi. Jaza safu zote mbili bila kutazama majibu yafuatayo.

Kiwango ni 1 ÷ 0.6, yaani takriban 1.67. Anafika B saa za vituo zikisoma 5, yake ikisoma 3. Asha anaona kufika huko katika dakika ya 9, kwa hiyo saa ya Chausiku imeonekana ikienda kwa theluthi moja ya mwendo. Kurudi kunaonekana ndani ya dakika 1, saa ikienda mara tatu, chombo kikionekana kuja kwa kasi ya mara 4 ya nuru. Wanapokutana: Asha 10, Chausiku 6.

Upande wa Chausiku, pale B kabla ya kugeuka: anaona saa ya Asha ikisoma 1. Nuru hiyo, kwa hesabu yake, iliondoka katika dakika yake ya 1.67. Saa ya Asha "sasa" inasoma 1.8, ya Bakari 5. Tofauti ni 3.2, ambayo ni 4 × 0.8. Ukipata kitu kingine hapa, rudi kwenye Hatua ya 7 na uangalie kama ulitumia umbali wa pale nuru ilipoondoka.